Pittsburgh Pirates: Swali la Skenes limefunika swali la wapigaji

Novemba 2025, Paul Skenes, mrushaji wa Pittsburgh Pirates aliyekuwa na umri wa miaka 23, alitunukiwa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli ya Marekani, kwa kura zote, bila mpiga kura hata mmoja kumtanguliza mwingine. Kwa klabu iliyomaliza msimu ikiwa imeshinda michezo 71 na kupoteza 91, tuzo hiyo ingepaswa kuwa faraja. Badala yake ikafungua upya mjadala kuhusu siku atakayoondoka, ataondoka kwenda wapi na kwa bei gani. Kisha Desemba 2025 na Januari 2026 uongozi ukafanya jambo ambalo mashabiki hawakulizoea: ukamchukua Brandon Lowe kutoka Tampa Bay Rays, mtu aliyepiga homurani 31 (mipigo inayovuka ukuta wa uwanja) msimu wa 2025, na ukamsajili mchezaji huru Ryan O'Hearn kwa mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya dola milioni 29. Upande mmoja wa mashabiki umesema mmiliki Bob Nutting hatimaye ameamka. Upande wa pili umesema huo ni upambaji wa duka kabla ya bidhaa kubwa kuuzwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinatazama mahali pasipostahili. Kasoro kubwa ya Pirates katika miaka sita ya meneja mkuu Ben Cherington ni kwamba klabu haijui kumchukua kijana mwenye kipaji cha kupiga na kumfanya mpigaji wa ligi kuu. Usajili wa kipupwe hiki ni sahihi, lakini unafunika kasoro hiyo kwa msimu mmoja au miwili. Uongozi unapaswa kupimwa kwa jinsi utakavyoutumia muda huo ulioununua.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu kwa karibu, inafaa kueleza kwamba katika besiboli mrushaji, hata awe hodari namna gani, anaweza tu kuwazuia wapinzani wasipate alama. Alama za timu yake huletwa na wenzake wanaposhika zamu ya kupiga. Mwaka 2025 Skenes aliruhusu wastani wa alama 1.97 kwa kila awamu tisa na kuwatoa wapigaji 216 kwa straiki, hesabu ambazo katika timu ya kawaida humpa mtu ushindi 18 au 20. Yeye aliandikiwa ushindi 10 na vipigo 10. Si jambo lisilowahi kutokea, maana Jacob deGrom alishinda tuzo hiyo hiyo mwaka 2018 akiwa na New York Mets kwa ushindi 10 na vipigo tisa. Hata hivyo, kilichoizunguka rekodi ya Skenes kinatisha zaidi. Pirates walipata alama 583 katika msimu mzima wa michezo 162, chache kuliko timu nyingine yoyote kati ya timu 30 za ligi kuu, na walipiga homurani 117, nazo pia chache kuliko zote. Hata Colorado Rockies, waliopoteza michezo 119 mwaka huo, walipata alama nyingi kuwazidi. Warushaji wa Pittsburgh, kwa upande wao, walikuwa katika theluthi ya juu ya ligi. Timu hii haikuwa mbovu kila mahali. Ilikuwa na nusu moja nzuri na nusu nyingine dhaifu kupita kiasi, na tofauti hiyo kati ya nusu mbili ndiyo inayohitaji maelezo.

Maelezo yanaanzia katika uteuzi wa kila mwaka wa vijana, ambapo timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya kuchagua mapema. Cherington aliajiriwa Novemba 2019, na kwa sababu timu yake ilipoteza sana, ikiwemo michezo 101 mwaka 2021 na 100 mwaka 2022, alipata nafasi za mbele mara kwa mara. Mwaka 2020 alimchagua Nick Gonzales katika nafasi ya saba. Mwaka 2021 alimchagua mdakaji Henry Davis katika nafasi ya kwanza kabisa. Mwaka 2022 alimchagua Termarr Johnson katika nafasi ya nne. Wote watatu walisifiwa kwa jambo moja: uwezo wa kupiga. Gonzales amekuwa mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Johnson alikuwa bado katika daraja la Double-A, hatua mbili chini ya ligi kuu, mwaka 2025. Davis, ambaye chuoni alipiga mipira kwa nguvu iliyowashangaza maskauti, alimaliza mwaka 2025 akiwa chini ya wastani wa .200, yaani alifanikiwa kupata mpigo chini ya mara moja katika kila majaribio matano. Linganisha na upande wa warushaji: Skenes, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2023, alifika ligi kuu ndani ya mwaka mmoja, Jared Jones, aliyechaguliwa katika raundi ya pili mwaka 2020, alianza msimu wa 2024 akiwa tishio kabla ya kiwiko kumlazimu afanyiwe upasuaji, Bubba Chandler, wa raundi ya tatu mwaka 2021, aliingia ligi kuu Agosti 2025 akiwa na mpira wa kasi unaoogopwa. Ni klabu ile ile, maskauti wale wale na bajeti ile ile. Warushaji wanafika wakiwa bora kuliko walivyochaguliwa, na wapigaji wanafika wakiwa pungufu.

Haki inadai niseme kwamba uteuzi wa Davis una utetezi wake. Pirates walimlipa dola milioni 6.5, chini ya kiwango kilichopangiwa nafasi ya kwanza, kisha wakatumia fedha walizookoa kumshawishi Chandler aache nafasi yake ya chuo kwa dola milioni 3. Kwa hesabu hiyo Cherington hakununua mchezaji mmoja bali kundi zima, na mmoja wa kundi hilo anaweza kuwa mrushaji mkubwa. Ninaukubali utetezi huo kama hoja ya uchaguzi. Hauwezi kuwa hoja ya malezi, kwa sababu hauelezi kwa nini Davis mwenyewe hakuendelea. Wala hauelezi yaliyowapata waliokuwepo kabla yake. Ke'Bryan Hayes alipewa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 70 mwaka 2022, akashinda Glavu ya Dhahabu kwa ulinzi wake mwaka 2023, lakini upigaji wake ulidumaa, kwa sehemu kutokana na maumivu ya mgongo, hadi Julai 2025 alipopelekwa Cincinnati Reds. Oneil Cruz, mmoja wa watu wanaoupiga mpira kwa nguvu kubwa zaidi duniani, alimaliza mwaka 2025 akiwa na homurani 20, besi 38 za kuiba (yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa) na wastani wa .200. Bryan Reynolds, mpigaji aliyetegemewa kwa miaka mingi na ambaye mwaka 2023 alisaini mkataba uliokuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu hadi wakati huo, dola milioni 106.75, aliteremka naye. Mtu mmoja akishindwa tunamlaumu mtu huyo. Kundi zima likidumaa chini ya paa moja, tunapaswa kulichunguza paa.

Historia ya karibu ya klabu hii inaonyesha kwamba haikuwa hivi siku zote. Baada ya Barry Bonds kuondoka mwishoni mwa mwaka 1992, Pirates walikaa misimu 20 mfululizo bila kumaliza hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Ukame huo uliisha mwaka 2013 kwa ushindi 94, na timu ikaingia hatua ya mtoano kwa miaka mitatu mfululizo, hadi ushindi 98 wa mwaka 2015. Watazame waliokuwa wakipiga: Andrew McCutchen, aliyechaguliwa na klabu mwaka 2005 na kuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka 2013, Neil Walker, kijana wa eneo la Pittsburgh, Starling Marte, aliyesajiliwa akiwa kijana huko Jamhuri ya Dominika, Pedro Álvarez, aliyepiga homurani 36 mwaka 2013. Wote walilelewa nyumbani. Warushaji wengi, kwa upande mwingine, waliletwa wakiwa wamechuja mahali pengine, kama A.J. Burnett na Francisco Liriano, wakanyooshwa upya. Leo mambo yamegeuzwa juu chini: klabu ni kama mkulima aliyejifunza kustawisha mihogo kuliko jirani zake wote, lakini mahindi anayanunua sokoni kila msimu kwa bei ya rejareja. Anaweza kuishi hivyo kwa muda, mradi awe na fedha. Na fedha ndicho kitu ambacho mmiliki wa Pirates hajawahi kuonyesha kwamba anataka kukitoa.

Hapa nafika kwenye hoja yenye nguvu kuliko zote za wapinzani wangu, nayo ni hoja ya Nutting. Amekuwa mmiliki mkuu tangu 2007, na katika miaka yote hiyo malipo ya wachezaji wa Pirates yamekuwa miongoni mwa ya chini katika ligi. Februari 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya Pirates na klabu nyingine tatu, kikidai kwamba hazitumii ipasavyo fedha za mgawo zinazotoka kwa klabu tajiri. Katika mchezo wa kwanza wa nyumbani mwaka 2025 uwanja wa PNC Park ulijaa sauti za mashabiki wakimtaka aiuze timu. Mwezi huo huo ukazuka mkasa ambao kwangu ulionyesha uzembe kuliko ubahili: nembo ya namba 21 ya Roberto Clemente iliyokuwa ukutani upande wa kulia wa uwanja ilifunikwa kwa tangazo la kinywaji chenye kilevi. Clemente si mchezaji wa kawaida. Ndiye aliyefikisha mipigo 3,000 kamili, kisha akafa katika ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa wahanga wa tetemeko la ardhi nchini Nikaragua, na ukuta ule una urefu wa futi 21 kwa heshima yake. Familia ilisononeka hadharani, klabu ikaomba radhi, nembo ikarudishwa. Shabiki anayesema kwamba watu wanaofanya jambo kama hilo hawaijui thamani ya wanachokimiliki ana haki ya kusema hivyo, nami ninasema pamoja naye.

Lakini hoja ya kwamba umaskini wa kujitakia ndio unaoeleza kila kitu inagonga mwamba ikifika Milwaukee. Brewers wanaishi katika soko dogo, katika kundi moja na Pirates, na mwaka 2025 walishinda michezo 97, mingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu. Cleveland Guardians walitwaa ubingwa wa kundi lao mwaka 2024 na 2025 bila kuwa miongoni mwa wanaolipa sana. Tampa Bay Rays wamefanya kazi kwa mtindo huo kwa zaidi ya muongo mmoja. Klabu hizi hazina siri ya fedha. Zina waalimu wanaojua kumgeuza kijana wa kati kuwa mpigaji anayefika kwenye besi, na zina ujasiri wa kumwondoa mapema asiyeendelea. Uhusiano wa kweli kati ya fedha na kushindwa kwa Pirates hauko moja kwa moja. Klabu isiyolipa haina nafasi ya kukosea, kwa hiyo inalazimika kuwa bora katika malezi kuliko zenye kulipa. Los Angeles Dodgers, waliompa Shohei Ohtani mkataba wa dola milioni 700 na kutwaa ubingwa mwaka 2024 na 2025, wakimkuza vibaya mpigaji mmoja humnunua mwingine. Pirates wakimkuza vibaya Davis, nafasi yake inabaki tupu kwa miaka minne. Ubahili wa mmiliki umeongeza gharama ya kila kosa la idara ya malezi, ila makosa yenyewe yamefanywa na idara hiyo.

Kuna utetezi mwingine unaostahili kusikilizwa, nao ni wa uwanja. PNC Park, uliofunguliwa mwaka 2001 kando ya mto Allegheny, ni mojawapo ya viwanja vizuri kuliko vyote, lakini ni mkatili kwa mpigaji anayetumia mkono wa kulia. Ukuta wa kushoto kuelekea katikati umerudi nyuma hadi futi 410, na mipira ambayo kwingine ingekuwa homurani hapo huishia mikononi mwa walinzi. Upande wa kulia mstari una futi 320 tu. Utetezi huu ni wa kweli, na unaeleza sehemu ya zile homurani 117. Hauelezi zote, kwa sababu nusu ya michezo huchezwa ugenini. Isitoshe, uwanja huu haukujengwa jana. Klabu imeufahamu kwa robo karne, na kama inajua kwamba unawapendelea wanaopiga kwa mkono wa kushoto, ilipaswa kuwatafuta hao muda mrefu uliopita. Ndiyo maana ninausifu usajili wa majira haya bila kusita: Lowe na O'Hearn wote ni watu wa mkono wa kushoto. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nimeona uongozi ukiwachagua wapigaji kwa kuangalia mahali watakapochezea.

Namna Lowe alivyopatikana pia ni fundisho. Pirates walimtoa mrushaji Mike Burrows kwenda Houston Astros katika mabadilishano ya klabu tatu. Walichofanya ni kuchukua kitu wanachojua kukizalisha, yaani mrushaji kijana, na kukibadilisha kwa kitu wasichojua kukizalisha, yaani mpigaji aliyekwisha kukomaa. Hiyo ndiyo biashara sahihi kwa klabu yenye maumbile haya. Mabadilishano na Boston Red Sox ni ya aina nyingine. Huko walimtoa Johan Oviedo na kumpata Jhostynxon Garcia, mpigaji kijana mwenye nguvu ambaye bado hajathibitika. Garcia anaingia mikononi mwa idara ile ile iliyomlea Davis. Simtakii mabaya, na huenda akawa nyota, lakini kila ninapoona kijana wa aina yake akiletwa Pittsburgh nauliza kimebadilika nini katika nyumba anayoingia.

Kwa msomaji wa Afrika kuna mfano ambao haupaswi kusahaulika. Pirates ndio waliomsajili Gift Ngoepe wa Afrika Kusini mwaka 2008, na ndio waliompandisha tarehe 26 Aprili 2017, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kuingia ligi kuu ya besiboli. Alipata mpigo katika zamu yake ya kwanza dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs. Niliitazama zamu hiyo kwa moyo uliojaa. Klabu hii imekuwa na desturi ya kwenda mahali ambapo wengine hawaendi, na si desturi ya jana, kwa sababu ni timu hii iliyopanga tarehe 1 Septemba 1971 kikosi cha kwanza katika historia ya ligi kuu kilichojaa wachezaji weusi peke yao, Wamarekani na Walatino. Ngoepe alikuwa mlinzi wa ajabu. Upigaji ndio uliomwangusha, na muda wake katika ligi kuu haukufika mbali. Kumpata mchezaji mahali pasipotarajiwa ni kazi moja. Kumfundisha kupiga mpira unaokuja kwa kasi ya maili 97 ni kazi nyingine, na Pittsburgh imekuwa na sifa katika ile ya kwanza peke yake.

Sasa nigeukie hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika zaidi: kwamba klabu imuuze Skenes sasa wakati thamani yake iko juu na ipate wapigaji chipukizi wanne au watano. Wanaoitetea hurejea jina la Gerrit Cole. Yeye pia alichaguliwa wa kwanza na Pirates, mwaka 2011, na Januari 2018, akiwa amebakiza miaka miwili kabla ya kuwa huru, alipelekwa Houston kwa Joe Musgrove, Colin Moran, Michael Feliz na Jason Martin. Ndani ya miaka miwili Cole alikuwa amesaini na New York Yankees kwa dola milioni 324, na wale wanne hawakuipeleka Pirates popote. Wanaotaka Skenes auzwe wanasema kosa lilikuwa kuchelewa. Nadhani kosa lilikuwa kubwa kuliko muda. Klabu inayomuuza mrushaji wake bora ili ipate vijana wa kupiga inabadilisha kitu pekee inachokijua kwa kitu ambacho kila mara kimeharibika mikononi mwake. Hata wakipewa vijana bora kuliko wote katika ligi za chini, mwalimu atakuwa yule yule. Kuna upande wa pili wa biashara hiyo hiyo: Julai 2018, uongozi uliokuwepo kabla ya Cherington ulimpata Chris Archer kutoka Rays kwa kuwatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Rays waliwapokea vijana wa Pittsburgh na kuwafanya bora. Kuuza chipukizi au kununua chipukizi hakujawahi kuwa tatizo la kwanza. Anayefaidika ni yule anayejua la kufanya nao wakishafika.

Isitoshe, hesabu za muda hazimlazimishi mtu kumuuza Skenes leo. Klabu ilimweka katika timu yake ya ligi za chini huko Indianapolis hadi tarehe 11 Mei 2024, hatua ambayo kwa kawaida huchelewesha mwaka wa uhuru wa mchezaji, lakini alipotwaa tuzo ya chipukizi bora sheria ya mkataba wa sasa ikampa mwaka mzima wa utumishi. Atakuwa huru baada ya msimu wa 2029. Mwaka 2025 alilipwa dola 875,000 tu, na kuanzia 2027 mshahara wake utaamuliwa kwa usuluhishi na utapanda haraka. Kwa hiyo iko misimu minne. Hata hivyo misimu hiyo haina thamani sawa, na hili ndilo jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha.

Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Mara ya mwisho ulipoisha, wamiliki walifunga milango kwa siku 99, hadi tarehe 10 Machi 2022. Safari hii wamiliki wengi wanataka ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho malipo ya klabu kwa wachezaji wake hayaruhusiwi kukipita, na chama cha wachezaji kimeupinga kwa miongo mingi, hata mwaka 1994 kiligoma na World Series, fainali ya ubingwa, ikafutwa. Si lazima iwe hivyo mwaka 2027, lakini uwezekano wa sehemu ya msimu huo kupotea ni mkubwa kuliko kawaida. Msimu ukipotea, muda wa Skenes unaweza kuendelea kuhesabiwa huku uwanja ukiwa mtupu. Kwa Pirates, basi, mwaka 2026 ni kati ya misimu mitatu au minne ambayo mrushaji bora wa ligi atavaa jezi yao, na ndio msimu pekee ambao una uhakika wa kuchezwa wote. Kuuchukulia kama mwaka wa majaribio ni kuutupa.

Wapo wanaosubiri ukomo wa mishahara kama mkombozi. Ninaelewa hamu yao, na ninaamini kwamba kiwango cha chini cha jumla ya malipo ya kila klabu kwa wachezaji wake, ambacho leo hakipo, kingeibana klabu kama Pirates ifanye ambayo haijafanya kwa hiari. Ukomo wa juu, kwa upande wake, ungewapunguza Dodgers bila kumfundisha mtu yeyote Pittsburgh namna ya kutambua mpira unaopinda. Wamiliki wa klabu ndogo wakipata ukomo bila kiwango cha chini, watakuwa wamepata faida zaidi kwa kazi ile ile. Shabiki wa Pirates anayesimama upande wa ukomo peke yake anaupigania mfuko wa Nutting.

Kocha Derek Shelton alifukuzwa Mei 2025 timu ikiwa na ushindi 12 na vipigo 26, na Don Kelly, mwenyeji wa Butler karibu na Pittsburgh, akashinda 59 na kupoteza 65. Yalikuwa maendeleo, na Kelly amestahili kubakizwa. Lakini kocha mkuu hupanga kikosi alichopewa. Mtu aliyechagua, kulea na kusajili kikosi hicho ni Cherington, na yeye hakuguswa. Huyu si mtu asiyejua kazi. Alikuwa meneja mkuu wa Boston Red Sox walipotwaa ubingwa mwaka 2013, na jinsi alivyojenga upande wa warushaji Pittsburgh ingemjengea sifa popote. Kwa sababu hiyo ninaona ni haki apewe mwaka 2026, kwa sharti kwamba kipimo chake kitajwe wazi kabla msimu haujaanza. Idadi ya ushindi haitoshi, kwa kuwa Lowe na O'Hearn wanaweza kuipandisha timu hadi ushindi 80 na bado hakuna kilichorekebishwa. Lowe mwenyewe atakuwa huru msimu ukiisha.

Kipimo ninachokitaka kiko kwa watu wanne. Je, Cruz, aliyeanza mwaka 2026 akiwa na umri wa miaka 27, atapunguza kuukosa mpira, au atabaki kipaji kinachohesabiwa kwa kasi ya mpigo badala ya matokeo? Je, Davis atafika kiwango cha mdakaji wa kawaida anayeweza kupiga? Je, Garcia ataendelea kuanzia alipoachwa na Boston? Na juu ya wote yupo Konnor Griffin, aliyechaguliwa katika nafasi ya tisa mwaka 2024 kutoka shule ya sekondari huko Mississippi, ambaye mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 19, alipita madaraja matatu ya ligi za chini kwa wastani wa .333, homurani 21 na besi 65 za kuiba, akatambuliwa kuwa chipukizi bora kuliko wote. Griffin ni ushahidi wa kwanza dhidi ya makala haya, na ninaukaribisha. Alichaguliwa wakati maskauti wengi walikuwa na shaka na mpigo wake, na klabu ikaunyoosha. Ikiwa alichofanyiwa Griffin ni mbinu, tutaiona ikiwafikia Davis na Johnson pia. Ikiwa ni kipaji cha mtu mmoja kilichoshinda mazingira, tutaona hilo vilevile, na mapema.

Hadi Julai majibu ya awali yatakuwa yamepatikana. Timu ikiwa karibu na nafasi ya mtoano, Cherington asirudie ya Julai 2025, alipomtoa David Bednar, mrushaji wa kumalizia michezo, kijana wa huko huko magharibi mwa Pennsylvania, kwenda Yankees kwa ajili ya kesho isiyofika. Atoe warushaji wa ziada alionao, anunue mpigaji mwenye mkataba unaovuka mwaka 2026, na amlipe. Na kama Oktoba itafika huku wale wanne wakiwa palepale walipo leo, Nutting awabadilishe wanaosimamia upigaji kuanzia ofisi ya Cherington kushuka chini, na afanye hivyo kabla ya tarehe 1 Desemba, ili mtu mpya akute vijana hao wakiwa bado na umri wa kufundishika na Skenes akiwa bado na misimu mitatu.